PICHA ZA HOTELI KUBWA, NA MIKONO INAYOZIPANGUSA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu. Imechapishwa hapa kwa ombi la mkutano, ili wale waliokuwa zamu nao waisome.)



Tuliombwa tuzungumze juu ya jambo lolote lenye faida kwa wafanya kazi. Wengi walitazamia kwamba tutasema juu ya ovataimu, au nyumba za kukaa, au zamu za usiku. Mambo hayo ni makubwa na yatasemwa tena. Lakini leo tumechagua kusema juu ya picha zitundikwazo katika hoteli za fahari. Katibu alipoandika kichwa cha hotuba katika kitabu chake alitutazama akasema, "Ninyi watu wa spana na grisi, picha za hoteli zawahusu nini?" Twaomba mtuvumilie kidogo. Jibu litakuja, nalo litakuja na msumari.

Mke wa fundi mwenzetu hufanya kazi ya kutandika vitanda na kupangusa vumbi katika hoteli moja kubwa. Hatutaitaja jina, maana shauri halijakwisha. Miezi michache iliyopita dada huyu alikuwa akipangusa katika ujia wa ghorofa ya pili. Ukutani palikuwa na picha kubwa yenye fremu ya mbao na kioo. Akaigusa fremu kwa kitambaa, kama alivyofanya kila siku ya kazi kwa miaka minne, na picha ikaanguka. Kioo kikavunjika, na kipande kimoja kikaichana picha pembeni. Jioni ile akaitwa ofisini, akaambiwa bei yake. Bei ile ilipita mshahara wake wa miezi saba. Akapewa karatasi atie sahihi kwamba akatwe kila mwezi hata deni liishe. Akaogopa kufukuzwa, akatia sahihi.

Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Kwa miaka minne hakuna mtu aliyemwambia dada yetu picha ile imechorwa na nani, au ina thamani gani, au ishikwe namna gani. Thamani yake aliambiwa siku ilipoanguka.

Alipokuwa akifagia vioo aliuona msumari sakafuni, akaufunga katika leso akaenda nao nyumbani. Mumewe akauleta karakana. Sisi wa karakana twaijua kutu kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake. Msumari ule umeliwa na kutu hata umekuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti, nao umekatika pale ulipoingia ukutani. Wakati wa chai ukapita mkono kwa mkono, na kijana mmoja akauliza, "Hivi picha ni kitu gani hata ile mshahara wa mtu?"

Swali lile hatukuweza kulijibu siku ile. Basi tukaenda maktaba, tukauliza wenye kujua, tukasoma. Haya tutakayosema ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, kwa nini mwenye hoteli atundike picha ya bei kubwa? Hoteli huuza usingizi. Lakini mtu akifumba macho katika chumba cha bei ghali, giza analoliona ni lile lile la mtu aliyelala katika nyumba ya wageni ya shilingi mia chache. Kwa hiyo mwenye hoteli hana budi kuuza yale yaonekanayo kabla ya macho kufumbwa: zulia, taa, maua, na picha. Na picha ina faida moja kuliko zulia. Zulia likikanyagwa huchakaa, bali picha ya fundi mwenye jina yaweza kupanda bei huku wageni wakiitazama.

Hoteli nyingine zilipata picha zake kwa njia ya jikoni. Kusini mwa Ufaransa, katika kijiji cha Saint-Paul-de-Vence, iko hoteli ya mawe iitwayo La Colombe d'Or, maana yake Njiwa wa Dhahabu. Mwanzilishi wake, Paul Roux, aliwapenda wachoraji, akawafanya rafiki zake. Wao walikula na kulala kwake, naye akapata picha zao. Leo mtu anakula chakula cha mchana huku ukutani ziko kazi za mafundi kama Picasso, Matisse, Braque na Léger. Mwaka 1960 wezi waliingia usiku wakachukua picha karibu 20. Na sisi watu wa reli tutapenda kujua zilipatikana wapi baadaye. Zilipatikana katika stesheni ya reli ya mji wa Marseille, katika chumba cha kuwekea mizigo! Mzigo wa thamani kubwa kiasi hicho ulikaa kule pamoja na masanduku ya nguo na vikapu, ukingoja mwenyewe. Nani miongoni mwetu ajuaye ni nini kimepita mikononi mwake mwaka huu?

Hoteli nyingine zilipata picha kwa fedha taslimu. Huko Las Vegas, Marekani, tajiri Steve Wynn alifungua hoteli ya Bellagio mwaka 1998. Dari ya ukumbi wake wa mapokezi imefunikwa maua ya kioo kama 2,000, kazi ya Dale Chihuly na kundi lake la mafundi. Katika hoteli ile ilikuwako hata nyumba ya kulia chakula iliyotundikwa picha za Picasso mwenyewe. Mwaka 2021 kampuni iliyoichukua hoteli hiyo iliuza kazi 11 za Picasso katika mnada, nazo zikaleta zaidi ya dola milioni 100.

Sasa sikilizeni vizuri. Bwana Wynn huyo alikuwa na picha ya Picasso ya mwaka 1932 iitwayo Le Rêve, yaani Ndoto, picha ya mwanamke aliyesinzia kitini. Mwaka 2006 alikuwa amepatana kuiuza kwa dola milioni 139. Kabla haijaondoka alisimama mbele yake akiwaeleza rafiki zake habari zake, na katika kueleza akarusha mkono nyuma, kiwiko kikatoboa picha. Mapatano yakavunjika. Picha ikatengenezwa na mafundi wa kushona na kuziba, na mwaka 2013 ikauzwa kwa mnunuzi yule yule, na habari zilisema bei ilikuwa dola milioni 155.

Hatumcheki bwana yule, maana ana ugonjwa wa macho unaompunguzia kuona pembeni, na ajali ni ajali. Twasema hili tu: kiwiko cha mwenye mali kilipotoboa picha, watu walisema ni bahati mbaya. Kitambaa cha dada yetu kilipogusa picha iliyotundikwa kwa msumari mbovu, watu walisema ni deni.

Sasa twataka kuwapeleka mbali zaidi, mpaka nchi ya Meksiko, maana huko ndiko tulikoona kwamba picha ya hoteli yaweza kuwa jambo kubwa kuliko pambo.

Nchi ile ilipigana vita vya mapinduzi kuanzia mwaka 1910. Vita vilipotulia, wachoraji wengi walisema hawataki tena kuchora picha za kuwekwa vyumbani mwa matajiri peke yao. Wanataka kuchora kwenye kuta za majumba ya watu wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakaunda chama cha wafanya kazi. Ndiyo, ndugu zangu, chama kama hiki chetu! Wachora picha na wachonga sanamu walijiita wafanya kazi, wakaunda chama, na mwaka 1924 wakatoa gazeti lao likaitwa El Machete, maana yake Panga. Mmoja wa wakubwa wao alikuwa Diego Rivera, mtu mnene, mwenye ubishi na bidii.

Kazi yake ya ukutani yahitaji kuelezwa, maana mafundi waashi waliomo humu wataielewa upesi. Mwashi hupaka lipu ya chokaa na mchanga sehemu ya ukuta ile itakayochorwa siku hiyo tu. Mchoraji hupaka rangi iliyosagwa na maji juu ya lipu ikiwa bado mbichi. Lipu ikikauka, rangi imekwisha shikwa ndani ya chokaa, wala haitoki kwa kuoshwa. Kwa hiyo mwashi akichelewa, mchoraji hana kazi. Na mchoraji akichelewa, lipu ya siku ile hubomolewa. Ni kazi ya watu wawili, ingawa jina liandikwalo ni la mmoja.

Mwaka 1936 Rivera alichora mbao nne kwa ajili ya Hoteli Reforma katika mji mkuu. Mlikuwa na mzaha juu ya wakubwa wa siasa. Mwenye hoteli akaogopa, na picha zikabadilishwa mahali mahali pasipo ruhusa ya mchoraji. Rivera akashitaki, akashinda, akalipwa fidia. Shauri lile lilionyesha neno la maana: kwamba hata mtu akiisha kulipa bei ya kazi, hana ruhusa ya kuigeuza halafu akaacha jina la fundi pale chini. Mbao zile zimewekwa katika Palacio de Bellas Artes, jumba la sanaa la taifa.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1947, hoteli nyingine mpya na kubwa kuliko ile, Hoteli del Prado, ilimwita Rivera achore ukuta wa chumba cha kulia. Hoteli ilitazama bustani ya zamani iitwayo Alameda. Rivera akachora ndoto ya alasiri ya Jumapili katika bustani ile, ukuta wa urefu wa karibu mita 15 na kimo cha zaidi ya mita 4. Ndani yake wanatembea watu wa miaka 400 ya nchi ile wakiwa wamechanganyika: Cortés, yule mtekaji kutoka Hispania, mkono wake una damu, marais na majenerali, mabibi wenye kofia za manyoya, wauza peremende na wauza magazeti. Katikati amesimama mwanamke wa mifupa mitupu aliyevaa kofia ya fahari, kuonyesha kwamba mauti humvaa tajiri kama amvaavyo maskini. Yeye amemshika mkono mtoto mnene mwenye chura mfukoni. Mtoto huyo ndiye Rivera mwenyewe alipokuwa mdogo.

Lakini sisi tulipoitazama picha ile kitabuni, macho yetu yalisimama mahali pengine. Yuko polisi anayeifukuza familia ya watu wa shamba, watu wa asili ya nchi, watoke katika bustani ya waungwana. Basi fikirini. Wageni wa hoteli walikaa chini yake wakila nyama na divai, na juu ya sahani zao familia ile inafukuzwa katika bustani ambayo hata dirishani yaonekana. Tena fikirini yule mpishi na yule mpeleka sahani. Mgeni hula siku tatu akaenda zake. Mpeleka sahani hupita mbele ya familia ile mara mia kila siku, na huenda ni familia yake.

Hata hivyo familia ile siyo iliyoleta matata. Matata yaliletwa na maneno matatu. Rivera alimchora mwandishi mmoja wa zamani, Ignacio Ramírez, ameshika karatasi, na juu ya karatasi akaandika maneno ya mtu yule, kwamba Mungu hayuko. Askofu Mkuu akakataa kuibariki hoteli. Vijana wa shule kubwa wakaingia wakayakwangua maneno. Rivera akayaandika tena. Hoteli ikashikwa katikati, ikafanya wafanyavyo watu wengi wenye hofu: ikaifunika picha nzima. Kwa muda wa miaka kama minane, picha kubwa kupita zote za hoteli ile ilikaa nyuma ya pazia, na watu wakala mbele ya pazia.

Sisi tuliosomeshwa na misheni twakumbuka habari ya Mfalme Belshaza aliyekuwa katika karamu, mkono ukaandika ukutani, na magoti yake yakagongana. Maneno ya Rivera sisi hatuyakubali, na wengi humu hawatayakubali. Lakini twaona jambo hapa. Wenye hoteli waliotaka ukuta wa fundi mkubwa walidhani wamenunua rangi. Kumbe walinunua na mawazo ya fundi, na watu wa mji nao wakataka neno lao. Mwisho, mwaka 1956, Rivera mwenyewe alipanda ngazi akayafuta maneno yale matatu, akaandika mahali pake na mwaka yaliposemwa, na pazia likaondolewa. Mwaka uliofuata akafa.

Kisha tarehe 19 Septemba 1985 ukaja mtetemeko mkubwa wa ardhi. Maelfu ya watu walikufa katika mji ule. Hoteli del Prado ilivunjika isifae tena, ikabomolewa, lakini ukuta wa Rivera ulisimama. Mafundi wakauzunguka kwa vyuma, wakaukata kutoka katika jengo, na mwezi wa Desemba 1986 wakauhamisha ng'ambo ya pili kwa gari kubwa la magurudumu mengi, mzigo wa kama tani 35. Sisi tunaojua kuinua injini kwa winchi twasema: hiyo ni kazi ya heshima! Lipu nyembamba ya chokaa ikasafiri bila kupasuka. Wakajenga nyumba ya maonyesho kuuzunguka, ikafunguliwa mwaka 1988, na picha ile ambayo ilikuwa ya wenye kulipia chakula cha hoteli ikawa ya kuonwa na watu wote.

Lakini hatuwezi kusimama hapo. Katika mtetemeko ule ule wanawake wengi washona nguo walifia ndani ya majengo ya viwanda vya nguo katika mji huo huo. Waliobaki walisimama mbele ya vifusi, na mwaka ule ule wakaunda chama chao wakakiita kwa tarehe ya msiba, 19 Septemba. Hatusemi kwamba picha iachwe ivunjike. Lakini ikiwa watu waweza kupata vyuma na mafundi na subira ya kuokoa ukuta, ni haki yetu kuuliza vyuma na mafundi vya kuokoa mtu viko wapi kabla ya msiba kufika.

Habari yetu ya mwisho ni ya mji wa San Francisco, Marekani. Palikuwa na hoteli ya fahari huko iitwayo Palace, iliyofunguliwa mwaka 1875. Mwaka 1906 mji ule ulitetemeka ukaungua, na hoteli ikaungua nao. Ilipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1909, mchoraji Maxfield Parrish aliichorea picha ya urefu wa futi 16 hivi, ikawekwa nyuma ya kaunta ya baa. Picha yenyewe ni ya mpiga filimbi wa Hamelin. Wengine wenu mliwahi kusomewa hadithi ile shuleni. Mji ulijaa panya. Akaja mtu mwenye filimbi, wakapatana ujira, akapiga filimbi, panya wote wakamfuata wakafa maji. Kazi ilipokwisha wakubwa wa mji wakakataa kumlipa. Akapiga filimbi mara ya pili, na safari hii waliomfuata walikuwa watoto wa mji, wasirudi tena.

Basi kwa zaidi ya miaka mia moja mabwana wamekunywa pombe zao chini ya hadithi ya ujira usiolipwa! Sijui ni wangapi waliosoma maana yake.

Mwezi wa Machi 1964 hadithi ile ilipata wasomaji. Hoteli za mji ule zilikuwa hazitaki kuwaajiri watu weusi ila kwa kazi za chini kama kutandika vitanda. Vijana weusi kwa weupe, kiongozi wao akiwa msichana wa miaka 18, Tracy Sims, wakaingia katika ukumbi wa Hoteli Palace kwa mamia, wakakaa na kulala sakafuni usiku kucha. Polisi wakawakamata watu 167. Lakini kulipopambazuka wenye hoteli za mji walikubali kutia sahihi mapatano ya kuwafungulia watu weusi kazi zote. Hawakuvunja kitu, hawakuchana picha. Walikaa chini tu mahali ambapo watu kama wao walikuwa wakipita wameinama.

Mwaka 2013 wenye hoteli hiyo waliing'oa picha ya mpiga filimbi waiuze mnadani, ikitazamiwa kuleta dola milioni 3 hadi 5. Watu wa mji walipiga kelele, kwamba picha ile imekaa miaka mia na ni yao pia. Mwaka ule ule ikarudishwa mahali pake. Na mwaka 2018 wafanya kazi wa hoteli ile, pamoja na wenzao wa hoteli nyingine za kampuni ile ile, waligoma kwa miezi miwili, tangu Oktoba hata mwanzo wa Desemba. Neno lao lilikuwa kwamba kazi moja yapasa kumtosha mtu. Waligoma wakashinda mapatano mapya. Filimbi ililia, na safari hii ikalipwa.

Sasa turudi nyumbani, kwa dada yetu na msumari wake.

Katika habari hizi zote tumeona kwamba picha moja ina watu wengi. Yuko aliyeichora, na jina lake halifutwi kwa bei. Yuko aliyeinunua, na ana haki zake. Wako watu wa mji, ambao huipenda hata wakailia. Na yuko mtu mmoja ambaye vitabu vyote tulivyosoma havikumtaja: yule aipangusaye kila asubuhi, ambaye ndiye aliyeifanya ikae miaka mia bila kuharibika. Haandikwi popote wakati picha iko salama. Ikianguka tu, jina lake ndilo la kwanza kuandikwa.

Haifai liwe hivyo, na sheria ya nchi yetu haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Angalieni neno hilo: makusudi. Kupangusa vumbi kama ulivyoagizwa si makusudi ya kuvunja. Tena kifungu hicho hicho chaweka mpaka, kwamba makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Dada yetu hakulijua hilo alipotia sahihi, na sisi wengi hatukulijua mpaka tulipolitafuta. Sasa tunalijua, na asiyekuwapo aambiwe.

Amekwisha kukatwa miezi miwili. Ndugu zetu wa chama cha wafanya kazi wa hoteli wamelishika shauri lake, na wametuomba sisi wa karakana tuandike juu ya msumari, kwa kuwa twaijua kutu. Tumekwisha kuandika karatasi, mafundi watatu, tumetia sahihi zetu. Tumesema yale tu macho yetu yaliyoyaona: kwamba msumari uliliwa na kutu kwa muda mrefu, na kwamba ungekatika siku yoyote, kwa kitambaa au kwa upepo wa mlango.

Twaleta mbele ya mkutano maombi matatu, ili yapelekwe kwa ndugu zetu wa hoteli kama shauri letu la kirafiki.

La kwanza, kila hoteli yenye vitu vya thamani iwe na daftari la vitu hivyo, ghorofa kwa ghorofa, na tarehe ambayo fundi alikagua msumari na kamba, na sahihi ya fundi huyo. Reli haitoi behewa barabarani bila mtu kulikagua na kuandika. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi twaongeza: na habari ikikosekana, mnyonge hulipa.

La pili, mfanya kazi asitiwe sahihi katika karatasi ya deni akiwa peke yake. Mjumbe wa chama awe kando yake. Na kitu cha thamani kikatiwe bima na mwenyewe, maana faida ya kupanda bei ni yake pia.

La tatu ni dogo, lakini tunalipenda. Chini ya kila picha liandikwe jina la aliyeichora, na siku moja katika mwaka wafanya kazi wa hoteli waingie kwa mlango wa mbele pamoja na watoto wao, waonyeshwe picha zile na kuelezwa. Dada yetu alituambia neno lililotugusa. Alisema picha ile ilikuwa ya wanawake wanaotwika maji asubuhi, na kwamba kila alipoipangusa aliianzia pembe ya jua, kwa sababu aliipenda. Mtu wa namna hiyo ndiye mlinzi ambaye mwenye hoteli angemtafuta kwa taa.

Ndugu Mwenyekiti, tumekwisha. Msumari wenyewe huu hapa katika leso. Twaomba upite mkono kwa mkono mpaka nyuma, kila mtu auone kabla ya kupiga kura juu ya maombi hayo matatu. Tafadhalini msiupoteze, maana keshokutwa unakwenda na shauri.